Pole Mbili

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema lisije likaonekana nimelificha. Miaka kumi na tisa nimekuwa fundi wa vifaa katika hospitali yetu, na katika miaka hiyo nimegombana na karibu kila mtu anayevaa koti jeupe. Mtu anapiga simu karakana, anasema mashine imekufa. Naacha nilichoshika, napanda ngazi na mkoba wangu wa bisibisi, nafika juu nahema, nakuta waya haujachomekwa ukutani. Sasa hapo mtu asikasirike?

Kwa hiyo siku ile nilipoitwa chumba cha kupima moyo, nilikuwa nimeshakunja uso kabla ya kupiga hodi. Chumba chenyewe ni kidogo, mwisho wa korido ya ghorofa ya pili: kitanda kimoja cha chuma, pazia la kijani lililopungukiwa ndoano tatu, kabati la vioo, na mashine juu ya toroli. Mpimaji wa zamu, bwana mmoja mnene mcheshi, alininyooshea karatasi iliyotoka kwenye mashine. Mstari wa moyo unatakiwa kupanda na kushuka kwa mpangilio, kilima kidogo, kilele, kilima tena, halafu unapumzika. Huu ulikuwa na manyoya tangu mwanzo hadi mwisho. Nikafungua mashine, nikapima nyaya moja moja, nikafunga. Manyoya yakarudi. Nikafungua tena.

"Fundi, unaisumbua bure," sauti ikasema nyuma yangu. "Mashine haina kosa. Ngozi ndiyo haijaandaliwa."

Nikageuka. Alikuwa mhudumu, mama wa makamo, mwembamba, amekumbatia shuka chafu. Mimi umeme nimeusomea. Nikamuuliza kama siku hizi wahudumu nao ni mafundi.

"Mimi ni mtoto wa seremala," akajibu bila kupandisha sauti. "Vua shati."

"Mimi?"

"Kwani una nini cha kuficha huko?"

Yule mpimaji mnene alicheka hadi akashika kitanda. Nikavua, maana kukataa kungekuwa aibu zaidi. Wakanibandika vile vibandiko vidogo vyenye nyaya, mashine ikachora, na karatasi ikatoka na manyoya yale yale. Yule mama akavibandua. Akanipangusa kwa pamba yenye spiriti, akasubiri ikauke, akatoa mfukoni kipande cha msasa laini kisichozidi ukucha wa dole gumba. Kila mahali pa kubandika alipita mara mbili tu, na kila alipopita alisema neno moja. "Pole," akapita. "Pole," akapita. Basi, anahamia pengine. Sikuhisi maumivu, nilihisi kama mtu ananiamsha.

Wakabandika vipya. Mashine ikachora.

Nilikuwa nimeshatengeneza mashine za aina ile zaidi ya mia moja, na sikuwahi kuutazama moyo wangu mwenyewe. Mstari ulitoka safi, mweusi, mwembamba, kila kilele mahali pake. Kitu kilichokuwa kikifanya kazi ndani ya kifua changu tangu kabla sijazaliwa, bila kuniomba ruhusa wala kupumzika, kilikuwa kinaandika mbele ya macho yangu. Nilivaa shati nikaondoka, na nilipofika karakana nikagundua nimesahau mkoba wa bisibisi juu.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mama Msasa.

Jina hilo alipewa na wauguzi kwa dhihaka, na yeye akalichukua kama mtu anayepokea koti lililomkaa vizuri. Baba yake alikuwa na karakana ya vitanda na milango, na watoto wa kiume wote walikimbia kazi ya kupiga msasa kwa sababu ni kazi ya vumbi na isiyoonekana. Ikamwangukia yeye tangu ana miaka tisa. Baba alikuwa akimfunga kitambaa machoni, anamwambia apapase ubao aseme umefika au bado. Akikosea, anarudia. Alipoolewa alikuwa anaweza kupapasa meza na kukuambia nani aliipiga msasa na siku hiyo alikuwa na haraka au la. Hilo aliniambia mwenyewe, na kwa jinsi ninavyomjua hajatia chumvi.

Mume alifariki mapema, akabaki na binti mmoja, akaingia hospitali kama mhudumu. Miaka kumi na moja alifagia na kutandika. Katika chumba cha moyo alikuwa akiona wagonjwa wanabandikwa juu ya jasho na mafuta, karatasi zinatoka na manyoya, watu wanaambiwa warudi kesho. Jambo hilo lilimkera kama lilivyonikera mimi la waya. Juu ya ngozi ya kila mtu kuna tabaka jembamba lililokufa, kavu, na umeme wa moyo ni mdogo mno, ukifika hapo unakwama. Yeye hakuwa na maneno hayo. Alisema tu kwamba ukipaka vanishi juu ya vumbi, umepaka vumbi. Yule mpimaji mnene akamruhusu ajaribu, kisha akamfundisha, kisha akampeleka kwa mkuu wa idara. Akaenda kozi akiwa na miaka arobaini na minne, amekaa darasani na wenzake wenye umri wa binti yake, akarudi na cheti. Mpimaji mnene alipostaafu, chumba kikawa chake.

Kila aliyepita mikononi mwake alifundishwa vilevile. Spiriti, subira, halafu pole mbili. Ukiingia chumbani mle ulikuwa unasikia wanafunzi wake wanaimba, pole, pole, pole, pole, na wagonjwa wanajibu asante bila kujua kwamba wanahesabiwa. Sisi sote tulizoea. Tulisahau kwamba ni lugha ya chumba kimoja.

Lakini yeye hakuridhika. Alikuwa na bati la biskuti chini ya meza, na humo alikusanya vipande vya dodoki, taulo, sponji, miswaki iliyokatwa vichwa. Nikamuuliza ni takataka gani hizo.

"Natafuta mrithi wa msasa," akasema. "Msasa unamtii mwenye mkono. Mwenye mkono mzito anachuna, mwenye mkono mwepesi anapapasa tu. Mimi nina mkono mmoja, fundi. Hospitali ina wodi tisa."

Nilimwambia kwamba kuna watu nchi za mbali wanalipwa kufikiria mambo hayo. Akasema na wafikirie, na yeye anafikiria. Nikampa kisogo nikaenda zangu. Wakati huo halikuwa linanihusu.

Likaja kunihusu.

Mama yangu mzazi ana miaka sabini na minane. Ndani ya miezi miwili alianguka mara tatu. Ya kwanza mlangoni, tukasema kajikwaa. Ya pili bombani, tukasema jua. Ya tatu aliangukia karibu na jiko, akaungua kiwiko, na dada yangu aliyekuwepo akasema mama hakujikwaa na wala hakulalamika, alizimika tu kama taa, kisha akafumbua macho akauliza mbona mnanikodolea.

Daktari wa moyo, mwanamke mpole anayesema maneno machache, alitueleza bila kuzunguka. "Nashuku moyo wake unasimama sekunde chache, halafu unaanza tena. Ikiwa ndivyo, tunamwekea betri ya moyo chini ya ngozi, na ataishi. Tusipomwekea, siku moja utasimama usianze. Lakini siwezi kumpasua bibi wa umri huu kwa kushuku. Nataka nione."

Ili aone, mama avae kinasa moyo kwa saa ishirini na nne: kisanduku kidogo kiunoni, nyaya tano, vibandiko vitano kifuani. Kinaandika kila pigo. Wiki hiyo Mama Msasa alikuwa likizo, binti yake amejifungua. Mama yangu akavalishwa kinasa katika chumba cha moyo, na nesi wa wodi, mgeni, aliyehamia kwetu mwezi ule, akaandaa ngozi kwa msasa, akifuata karatasi ambayo Mama Msasa aliiacha ukutani kabla ya kuondoka. Ilikuwa na mistari minne, kwa mkono wake mwenyewe. Safisha kwa spiriti. Acha ikauke. Sugua pole pole. Bandika.

Kesho yake nilikwenda wodini alikolazwa, kumchukua mama. Alikuwa amekaa kitandani, amejifunika kanga hadi shingoni, hataki kunitazama. Dada aliponionyesha kifua cha mama, niliinama kutazama karibu. Ngozi ya mama ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na mahali patatu palikuwa hapana ngozi kabisa, ni unyevu mwekundu tu. Vibandiko viwili vilikuwa vimeachia kwa majimaji ya vidonda. Mama alisema hakutaka kumsumbua mtoto wa watu, maana alikuwa anasugua kwa upole sana.

Daktari alinionyesha kilichonaswa. Manyoya saa zote, na mahali patatu mstari umelala kabisa.

"Hapa," akasema, akiweka kalamu kwenye skrini. "Je, moyo umesimama, au kibandiko kimeachia? Sijui. Na wewe hujui. Vidonda vipone, turudie. Wiki tatu."

Wiki tatu, na moyo ambao unaweza kusimama wakati wowote. Dada alihamia kwa mama na mfuko mmoja wa nguo.

Mama Msasa aliporudi kazini asubuhi iliyofuata sikumsubiri hata aweke mkoba. Mori ulikuwa umenipanda tangu ngazini. Nilimfokea mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi, nikamwambia msasa wake umemchuna mama yangu, na kwamba angebaki na ufagio wake watu wangekuwa salama. Nilisema hivyo. Sijivunii.

Aliweka mkoba chini. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye karatasi ukutani akaisoma kama imeandikwa na mtu mwingine. Kisha akamwita yule nesi, naye akaja macho yamevimba.

"Ulisuguaje?" akamuuliza.

"Pole pole, mama, kama ulivyoandika. Polepole, kwa upole. Sikutumia nguvu hata kidogo."

"Kwa muda gani?"

"Kila mahali kama dakika mbili. Nilidhani nisipofanya haraka haitauma."

Mama Msasa akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Alikuwa ameandika pole, pole. Hesabu, mara mbili, basi. Nesi akasoma polepole, kama mtu yeyote mwenye akili timamu anavyosoma. Dakika mbili za msasa kwa upole juu ya ngozi ya miaka sabini na minane.

"Hujakosea wewe," akamwambia nesi. "Umefanya nilichoandika." Akaibandua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Nilidhani atachukua kalamu aandike mara mbili. Nikamwambia aandike.

"Nikiandika mara mbili, atatokea wa kusugua mara mbili kwa nguvu za kusugulia sufuria," akasema. "Maneno nimeshayaona. Nataka kitu ambacho hakiwezi kumuumiza mgonjwa hata kikishikwa na mtu mwenye hasira." Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Fundi, una siku ngapi?"

"Ishirini na moja," nikasema.

Akavuta bati la biskuti kutoka chini ya meza.

Tulifanya kazi karakana kwangu kila mchana baada ya zamu yake. Daktari wa moyo alitupa ruhusa kwa sharti moja, kwamba tujaribu kwenye ngozi zetu kwanza na asione kitu kwa mgonjwa kabla hajakikagua yeye. Mimi nilikuwa na mita. Unabandika vibandiko viwili mkononi, mita inakuambia umeme unapita kwa shida kiasi gani. Namba kubwa ni mbaya, ndogo ni nzuri. Kwa hiyo kila kilichokuwa ndani ya bati kilipewa hukumu yake. Taulo halikufanya lolote. Mswaki ulichoma. Sponji ilichekesha tu. Msasa ulishusha namba vizuri lakini ukizidisha kidogo unaacha alama. Dodoki kavu lilikwaruza kama paka.

Yeye ndiye aliyetoa mkono. Kila siku. Nilipojaribu kutoa wangu aliutazama akasema hiyo si ngozi ni tairi, ngozi yake iko karibu zaidi na ya bibi. Siku ya sita akalichemsha dodoki, akalipiga kwa nyundo ya mbao kama baba yake alivyokuwa akilainisha kamba, akalikausha, akalikata viduara vya ukubwa wa kifungo cha shati. Tukapima. Namba ikashuka hadi nikadhani mita imeharibika. Nikabadilisha betri ya mita, nikapima tena, namba ikawa ile ile. Nilimtazama kwa heshima ambayo sikuwa tayari kuitamka.

Sasa mkono. Nilichukua bomba kubwa la sindano, jipya, nikalikata. Ndani yake nikaweka springi, na mbele ya springi kile kiduara cha dodoki. Ukibonyeza kwa kiasi, dodoki linagusa ngozi. Ukizidisha, springi inakubali, dodoki linarudi ndani, na kinachobaki kinagusa ngozi ni mdomo laini wa plastiki. Springi nilizitoa kwenye kalamu za kubonyeza. Nyingi zilikuwa ngumu mno. Niliua kalamu kumi na moja, hadi karani wa mapokezi akaanza kuifunga yake kwa uzi mezani. Ya kumi na mbili ikawa ndiyo.

Na hesabu? Hapo ndipo nilipokesha kwa mawazo, maana hesabu ndiyo iliyomchuna mama. Nikatengeneza kifuniko cha nyuma kinachozungushwa kwa vidole viwili. Nusu mzunguko, dodoki linazunguka nalo, kinalia ta. Nusu nyingine, ta. Halafu kinajifunga. Hakizunguki tena mpaka ukichomoe kile kiduara ukitupe, uweke kipya. Ukitaka kusugua dakika mbili, huwezi. Hata ukikosa kusoma, kifaa kinajua kuhesabu.

Siku ya kumi na sita kilikuwa mezani, hakizidi dole gumba kwa unene. Mama Msasa alikizungusha, ta, ta, akabadilisha kiduara, akakiweka kifaa sikioni, akazungusha tena.

"Kinasema pole," akasema taratibu.

Kisha akakunja mkono wa gauni, akanyoosha mkono wake mbele yangu. "Kishike wewe. Kumbuka ulivyonifokea siku ile. Shika na hasira zako zote."

Nilikataa. Akasema hatuna siku za kukataa. Basi nikafumba macho, nikamkumbuka mama kitandani na kanga hadi shingoni, nikabonyeza kwa nguvu zangu za kufungulia nati, nikazungusha. Ta. Ta. Nilipofumbua macho palikuwa na duara jekundu hafifu kama alama ya kifuniko cha chupa, na kabla sijapata pumzi likaanza kufifia. Tukabandika, tukapima. Safi. Mimi na mikono yangu hii. Nilikaa chini kwenye boksi la vipuri nikabaki nimeshika tama, na yeye akaenda kuosha vikombe vya chai kama vile hakuna kilichotokea.

Daktari alikikagua siku mbili. Viduara vikapitishwa kwenye mtambo wa mvuke, kila kimoja katika bahasha yake. Siku ya ishirini na moja tukamleta mama.

"Shikamoo mama," akasema Mama Msasa.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyenichuna?"

"Mimi ndiye niliyeandika, mama. Aliyesugua ni huyu." Na akamsukuma mbele yule nesi, akamwekea kifaa mkononi.

Nilisimama. Nikasema huyu, tena? Mbele ya mama yangu? Nikasema afanye yeye mwenyewe Mama Msasa, ana mkono, tuna nafasi moja.

"Kikihitaji mkono wangu," akasema, "basi bado ni msasa. Kaa chini, fundi."

Nesi alichana bahasha ya kwanza. Alipangusa, akasubiri. Akaweka kifaa chini ya mfupa wa bega, akabonyeza, nikaona anabonyeza sana kwa woga, na nikaona dodoki likirudi ndani lenyewe, likikataa. Akalegeza. Ta. Ta. Akabadilisha kiduara. Ta. Ta. Alipofika mahali pa tano mama akageuza shingo.

"Umeshaanza?" akauliza.

"Nimeshamaliza, bibi," akasema nesi, na machozi yakamtoka.

Mama alirudi nyumbani na kinasa kiunoni. Kesho yake mchana vibandiko vyote vitano vilikuwa mahali pake, na chini yake ngozi ilikuwa nzima. Tulikuwa wanne mbele ya skrini: daktari, mimi, nesi, na Mama Msasa nyuma kabisa karibu na mlango. Saa zikapita chini ya kidole cha daktari, maelfu ya vilele vyeusi vilivyonyooka, moyo wa mama yangu ukipika, ukiongea na jirani, ukilala, ukiamka. Nimeishi na mwanamke yule maisha yangu yote na sikuwahi kumsoma hivyo. Kisha daktari akasimamisha kidole.

Saa kumi na dakika saba alasiri. Kilele, kilele, kilele. Halafu mstari.

Mstari mtupu wa kimya, umelala, hauna unyoya hata mmoja. Daktari akahesabu kwa sauti ya chini. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Kisha kilele kimoja, kama mtu aliyechelewa, na safari ikaendelea.

"Nyaya zote kwa pamoja," akasema. "Kabla safi, baada safi. Hiki si kibandiko. Huu ni moyo."

Nilimuuliza mama baadaye alikuwa anafanya nini saa kumi. Akasema alikuwa anachagua mchele, akasinzia kidogo. Sekunde sita mama yangu hakuwepo, na dada amekaa hatua mbili kutoka kwake hakujua. Tuliweza kukiona kimya kile kwa sababu hapakuwa na kelele ya kukificha. Nesi alikuwa analia wazi. Nilipogeuka, Mama Msasa alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Alikwenda akarudi," akasema. "Mungu wangu, alikwenda akarudi, na imeandikwa."

Betri iliwekwa siku iliyofuata. Siku hizi wodi zote tisa zina kifaa kile, nimetengeneza arobaini na mbili, na karatasi ya ukutani inasema zungusha hadi kijifunge. Hilo halina namna ya kusomwa vibaya, au angalau bado hajatokea mtu.

Wiki ya sita mama alikuja kuangaliwa mshono. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili kwa miguu yake, mimi nyuma nimetanua mikono kama mjinga, yeye ananiambia nimkome. Alikuwa anataka kumwona binti wa seremala. Kulikuwa na joto siku hiyo, na Mama Msasa, ambaye muda wote ule alivaa mikono mirefu, alikuwa ameikunja hadi juu ya viwiko. Alituona, akataka kuishusha. Mama alikuwa ameshamshika.

Alama zilipanda kutoka kifundo hadi kiwikoni, safu kwa safu, viduara vilivyopauka na vingine vyeusi, za mswaki, za dodoki kavu, za msasa. Mimi nilikuwepo zote zilipowekwa. Nilikuwa nasoma mita.

Mama hakuuliza. Alipitisha kidole gumba juu ya mkono ule, taratibu. "Pole," akasema. Akapitisha tena. "Pole."

Mama Msasa, ambaye amelisema neno lile kwa nusu ya mji huu, akauacha mkono wake mikononi mwa mama. Mama akanigeukia.

"Na huyu wangu alishakwambia?"

"Fundi?" Mama Msasa akacheka kidogo, macho yamejaa. "Fundi alinitengenezea springi, mama. Inatosha."

"Nimeuliza alishakwambia."

Nilikumbuka benchi limejaa wagonjwa, na neno la ufagio. Nilikumbuka siku kumi na sita za kusoma namba. Hasira zote nilizonazo, na sikuwahi kupata neno dogo kama lile.

"Pole, mama," nikamwambia Mama Msasa. Sauti yangu haikutoka vizuri, nikarudia. "Pole."

Alishusha mikono ya gauni, moja, kisha nyingine, akafunga vifungo.

"Nimeshapoa, fundi," akasema. "Haya, mpandishe mama kitandani tumsikilize moyo."